Bomba la Mama Mkwe

Ukuta ndio ulioulizwa, si Cyrille. Lakini masikio yaliyosikia yalikuwa ya Cyrille.

"We ukuta," alisema mama mkwe wake kutoka bafuni, "hizi robine mbili, ya baridi ni ipi?"

Cyrille alikuwa amesimama kwenye korido na kikombe cha chai mkononi. Mke wake, Hélène, alikuwa chumbani amelala fofofo. Alikuwa ametoka kujifungua mtoto wao wa kwanza, Suzanne, na usingizi ulikuwa umemwangusha kama gogo. Bafuni alikuwamo Mama Émérence, mama yake Hélène, aliyekuja kutoka Kapolowe na kikapu cha samaki wakavu ili amwogeshe mjukuu. Mtoto mchanga huogeshwa na bibi mzaa mama mpaka kitovu kianguke. Mwanamke asiye na mama wa kumfanyia hivyo, majirani humsikitikia.

Kwa watu wa Mama Émérence kuna bukwe, heshima ya ukwe: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Heshima hiyo huisha siku familia ya mke inapompikia mkwe, akaitwa, akala mbele yao, akatoa zawadi zake. Huko ndiko kufunguliwa, na tangu hapo anakuwa mtoto wa nyumba. Cyrille alikuwa hajafunguliwa bado. Alikuwa akiahirisha, mara kazi nyingi, mara msiba, mara mvua. Hata hivyo wazee walioweka mwiko huo hawakuwa wajinga, waliacha upenyo. Jambo likiwa la lazima, unasema na ukuta, au na kuku anayepita uani, na mwenye kuhusika anasikia na kujibu kwa njia hiyohiyo. Mama Émérence alikuwa ametumia upenyo huo. Cyrille alitakiwa kuujibu ukuta maneno mawili tu: ile nyekundu.

Maana robine ya baridi ilikuwa ile nyekundu. Yenye kishikio cha buluu ndiyo iliyotoa maji ya moto, na moto wenyewe ulikuwa wa kuchemsha yai.

Kosa hilo alilitengeneza kwa mikono yake. Nyumba, hapo Likasi, ilikuwa ya kampuni ya madini, mojawapo ya zile za matofali zilizoachwa na Wabelgiji. Boila ya zamani ilipopasuka, Cyrille aliunda nyingine kwa pipa, akalipandisha juu ya nguzo nyuma ya nyumba, akatia ndani koili ya umeme. Mabomba aliyafunga jioni moja harakaharaka, akayapishanisha. Aligundua siku hiyohiyo. "Nitayageuza Jumamosi," alimwambia Hélène. Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mitaa kwa ajili ya taifa. Jumamosi nyingine ikawa mpira. Kisha wakazoea.

Na Cyrille alikuwa nani? Alikuwa fundi wa vipimo kiwandani. Kutwa kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba matangi ya asidi hayapiti joto lililowekwa. Huko Kapolowe, Mama Émérence hakuchoka kuwaambia akina mama wa parokia kwamba binti yake ameolewa na mtu wa mashine. Ndiyo maana Cyrille aliposikia swali, kitu cha kwanza kilichompanda kifuani hakikuwa jibu. Kilikuwa haya. Mama huyu atajua kwamba mtu wa mashine ameshindwa kufunga mabomba mawili ya nyumbani kwake.

"We ukuta," Mama Émérence alirudia, "unasinzia?"

Cyrille akaweka kikombe chini, akatoka kwa kunyata kwenda kumtafuta mwanamke wa kupeleka neno. Nyumba ya kushoto ilikuwa imefungwa. Katika ya kulia alimkuta jirani, Alphonsine, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akamweleza. Alphonsine akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, na walipokuwa bado uani wakasikia ukelele.

Maji yaliyokuwa yamelala kwenye bomba la buluu yalitoka kwanza ya baridi, kama maji ya mtu yeyote. Mama Émérence akayaamini, akamsogeza mtoto. Moto ulipofika hakuwa na nafasi ya kufikiri. Aliuweka mkono wake wa kulia kati ya maji na kichwa cha mtoto, akaushikilia hapo mpaka alipoweza kugeuka.

Suzanne hakupata hata lengelenge.

Mkono wa bibi yake ulifungwa bandeji kwa muda mrefu. Bandeji zilipotoka, vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, navyo havikukunjuka tena. Jembe ulilishika kwa shida. Sindano haukuishika kabisa.

Sasa, mtu akikosa, hulaumiwa, na lawama ina faida yake: inakupa mahali pa kusimama. Cyrille hakupewa lawama. Alipewa sifa. Alphonsine ndiye aliyeanza.

"Mukwe kama ule habapatikani tena," aliwaambia wanawake wa mtaa. "Angalia, hatari iko mu nyumba, njo anakimbia kutafuta mwanamuke wa kusema. Hakuvunja bukwe. Ni heshima ile."

Maneno hayo yalipanda lori yakafika Kapolowe. Mjomba wake Hélène, mzee Constantin, alituma salamu za shukrani. Cyrille alizipokea akitazama chini, na watu wakasema, mwone, hata kusifiwa anaona aibu.

Mabomba alikuwa ameyageuza siku iliyofuata ajali. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kila walipokwenda Kapolowe kwa sikukuu, Cyrille alikaa barazani kwa mjomba huku mama mkwe yuko upande wa jikoni. Hakuweza kumwona. Lakini aliweza kusikia: kisu kikianguka, kikiokotwa, kikianguka tena. Hélène alikuwa akitoka huko amenyamaza, na njia nzima ya kurudi Likasi hasemi. Cyrille alimwambia kwamba swali lenyewe hakulisikia, kwamba alidhani mama anamwimbia mtoto, naye akatoka kutafuta mtu wa kumwonya. Hélène alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Ndipo alipoanza kutengeneza bomba.

Alitaka bomba lisilouliza mtu kitu. Unafungua, linatoa maji ya vuguvugu, basi. Liwe linachanganya lenyewe moto na baridi. Kiwandani vitu hivyo vilikuwepo, vikubwa kama sanduku, vyenye hewa ya kusukuma na waya za kila namna. Cyrille alitaka kimoja cha kuingia kiganjani, kisichohitaji umeme, ambacho mwanamke wa kijijini angeweza kukifungua bila kusomeshwa.

Shida ilikuwa moyo wa mashine, kitu cha kulisikia joto na kusukuma. Alijaribu vyuma viwili vilivyobandikwa pamoja, vinavyopinda vikipata moto. Vilipinda, lakini havikuwa na nguvu ya kufunga maji. Jibu lilimjia mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, jikoni. Mawese yalikuwa yameganda ndani ya chupa, magumu, ya rangi ya udongo. Hélène aliiweka chupa kando ya mbabula, makaa yakiwa bado machanga. Ilikuwa imejazwa hadi shingoni. Mafuta yalipoanza kulegea, kizibo kilipanda taratibu, kikasimama, kikaangukia sakafuni.

Cyrille aliugusa ubavu wa chupa, akatabasamu. Ulikuwa na joto la mwili wa mtu, na kidogo juu yake. Joto la maji ya kumwogeshea mtoto.

"Weye unacheka nini na mafuta?" Hélène aliuliza.

"Sicheki."

Kwenye karakana, rafiki yake Isidore, fundi mwenzake wa meza moja, hakumhurumia.

"Mawese?" alisema Isidore. "Mu kazi ya régulation ya joto? Kesho utaleta na bukari ya unga, tutengeneze pompe."

"Ngoja uone."

"Niko naona. Batu ya Ulaya beko batuma mashini ku mwezi, mwana Likasi iko anakaanga robine."

Lakini Isidore ndiye aliyemchongea kibweta cha shaba, akalalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani Cyrille alitia mawese, akaziba kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, juu yake akasimamisha kijiti cha chuma. Mafuta yakiyeyuka, yanavimba, kijiti kinasukuma, njia ya moto inabanwa na ya baridi inapanuka. Mafuta yakianza kuganda, spiringi inarudisha kijiti, moto unaingia tena. Ni rahisi kusema. Bomba la kwanza lilivuja mafuta, Hélène akafua nguo zikatoka na madoa ya manjano. La pili lilikuwa kama mtu mwenye homa: moto, baridi, moto, baridi, bila kutulia. Mafuta ya katikati ya kibweta yalichelewa kupata habari za nje. Cyrille alikitupa kibweta, badala yake akafunga pamoja vijibomba vyembamba kama mabua, ili mafuta yakae karibu na maji. Alitumia mkono wake mwenyewe kujaribia. Aliuweka chini ya maji akahesabu pumzi, na yalipochoma aliuacha kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hélène aliona wekundu akakasirika.

"Unajiadhibu ama unafanya kazi?"

"Ni kujaribu."

"Mbona ngozi yako haijifunzi?"

Mwishowe bomba lilitulia. Unafungua, unahesabu kidogo, na maji yanakuja vuguvugu na kubaki hivyo. Isidore alinawa uso, akanawa tena, akasema, "Bon. Nyamaza, usiniambie kitu." Kisha akaenda kumwambia kila mtu. Mhandisi mkuu wa karakana alikuja nyumbani kwa gari, akanawa, akauliza kama anaweza kulipeleka Lubumbashi likaonyeshwe kwa wakubwa. Kazini walimwita kwa lile jina lake la kwenye kitambulisho, la mababu, ambalo serikali ilitaka badala ya lile la ubatizo. Siku hiyo walilitamka kama jina la mtu mwingine, mkubwa zaidi.

Wakati huo Hélène alikuwa na mimba ya pili, na tumbo limeshuka.

Habari ikaja kutoka Kapolowe kwamba Mama Émérence hatakuja. Mkono wake, alisema, haushiki mtoto anayeteleza. Dada zake Cyrille waje. Hélène alikaa kitandani akasokota ncha ya shuka.

"Mama anaogopa hii nyumba," alisema.

"Mwambie nimemtengenezea bomba."

"Umemtengenezea? Ulimuuliza kama anataka?"

"Ningemuuliza namna gani? Sijafunguliwa."

"Na nani alikukataza kufunguliwa?" Hélène alisema. "Kama muda uliokaa na hayo mafuta ungekaa siku moja tu na Yomba Constantin, ungekuwa unakula na mama meza moja."

Cyrille akaenda kwa mjomba Constantin mwenyewe. Hakwenda kufunguliwa. Alikwenda kumwomba mzee amshawishi dada yake. Constantin aliposikia kwamba mkwe amekaa miaka miwili akiunda kitu kwa ajili ya mkono ule, macho yalimlowa. Jumapili habari ilisemwa nje ya kanisa. Mama Émérence, kwa hiyo, alibadili mawazo. Mtu aliyeheshimiwa kiasi hicho hawezi kukaa nyumbani akisema anaogopa.

Lilibaki jambo moja ambalo Cyrille alilijua peke yake.

Maji ya moto yalitoka kwenye pipa lake, juu ya nguzo; hayakukatika kamwe. Ya baridi yalikuja na bomba la mtaa, na bomba la mtaa lilikuwa na tabia yake. King'ora cha kiwanda kikilia alasiri, zamu ikatoka, watu wakafungua maji nyumba zote kwa wakati mmoja, na mara nyingine yalikauka ghafla. Siku moja akijaribu peke yake lilitokea hilo. Baridi ilikatika. Mawese yalivimba, kijiti kikasukuma, njia ya moto ikafungwa kabisa, kama alivyopanga. Lakini haikufungwa palepale. Mafuta yalihitaji muda wa kupata moto, na katika muda huo maji yaliyotoka yalikuwa ya pipa peke yake, yenye mvuke. Yalichukua muda wa kusema Salamu Maria moja, kwa mtu asiye na haraka.

Isidore aliwahi kumuuliza. "Na baridi ikikatika?"

"Inafunga."

"Mbio?"

"Inafunga, nimekuambia."

Isidore alimtazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Dawa yake Cyrille aliijua: kuweka kizuizi cha pili, au kwanza kabisa kupunguza moto wa pipa. Lakini kupunguza moto ilikuwa kukiri. Na mhandisi alikuwa ameshaandika barua Lubumbashi, na mjomba alikuwa ameshasema nje ya kanisa, na kila mtu alikuwa ameshanawa. Alijiambia atarekebisha baada ya kujifungua. Alijiambia maji hayakatiki kila siku. Alikuwa akijiambia hivyo kwa sauti ileile aliyokuwa amesemea neno Jumamosi, na aliitambua, na hakufanya kitu.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mweupe bado wa uzazi, mwenye nywele nyingi. Walipotoka naye hospitalini, Constantin alifika na Mama Émérence kwa lori la unga. Cyrille alitoka kwa mlango wa nyuma mama mkwe alipoingia kwa wa mbele. Alisikia tu kandambili zake zikipita, na Suzanne akiitwa, na Alphonsine akipiga vigelegele vifupi vya adabu.

Siku ya pili alasiri walikusanyika sebuleni: Constantin kwenye kiti cha mikono, Isidore aliyejialika, Alphonsine karibu na mlango wa korido. Hélène alikuwa chumbani kitandani, mlango wake uko wazi. Cyrille alikaa mahali asipoweza kuona bafu. Mama Émérence alikuwa ameingia humo na mtoto, pazia limeshushwa.

"Mukwe wetu," alisema Constantin, "minye niko muzee, niliona mingi. Sikuona mutu anafanyia mama bukwe kazi ya namna hii."

"Ni mafuta tu," alisema Isidore. "Akikosa kazi, atauza mboga."

Wakacheka. Kutoka bafuni Mama Émérence alikuwa akimsemesha mtoto, sauti ya chini, maneno ya mdundo. "Tutaoga kama bazungu, ee. Baba yako iko na akili. Bila beseni, bila kitu."

Bila beseni. Alikuwa anataka kumweka moja kwa moja chini ya bomba, kwa heshima ya aliyelitengeneza.

King'ora cha kiwanda kikalia.

Cyrille alikisikia mpaka mwisho wake. Nje milango ilianza kupiga, ndoo zikagongana, mtu wa nyumba ya tatu akamwita mwanawe achote haraka. Bafuni bomba lilifunguliwa. Maji yalianza kumiminika kwa sauti nzuri, ya kutosha. Isidore alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama Cyrille, na Cyrille akajua kwamba Isidore amekuwa akijua.

Akasimama.

"Yomba," alisema, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. "Ambia mama aondoe mutoto. Asimuweke chini ya ile robine."

Constantin alikuwa bado anatabasamu. "Unasema nini?"

"Haiko tayari. Maji ya baridi ikikatika, ile ya moto inatoka kwanza, kiisha njo inafunga. Inaunguza. Aondoe mutoto, Yomba."

"Jana tulinawa bote hapa."

"Jana haikukatika. Nilijua. Nilijua mbele ya kumuita."

Bomba lilifungwa. Walisikia lilivyofungwa, kwa mkono usio na haraka. Mtoto alilalamika kidogo tu, kama paka.

Hakuna aliyejua maji yalikuwa yanakatika ama la. Mpaka leo hakuna anayejua. Cyrille alikuwa ameharibu kazi ya miaka miwili mbele ya watu kwa jambo ambalo labda lisingetokea. Akakaa chini. Isidore alichunguza kiatu chake.

"We ukuta," alisema Mama Émérence.

Wote waligeuza vichwa kuelekea pazia.

"Leo umesema. Ni vizuri. Ile siku ingine nilikuuliza, ulinyamaza. Nilikuuliza mara mbili. Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Nilisikia na viatu, vinatoka polepole, kama mwizi. Sikusema kwa mutu, juu binti yangu alikuwa analala pembeni, na kidonda ya uzazi ingali mbichi. Lakini masikio minye niko nayo."

Chumbani kitanda kililia. Hélène alikuwa ameinuka.

"Mara mbili?" alisema. Hakumuuliza mama yake.

Cyrille alitaka kumwambia Constantin apeleke jibu. Mzee alikuwa pale, hatua chache, mdomo tayari. Ndiyo ingekuwa njia ya heshima. Cyrille akageukia ukuta wa korido, rangi yake ya kijani imebambuka kwa unyevu, akausemesha.

"Ukuta, ambia mama nilisikia. Mara zote mbili. Zile tuyo za maji nilizipishanisha minye, nilisikia haya ajue. Haikuwa bukwe. Ilikuwa haya tu."

"Weh," alisema Constantin. "Unamusemesha mama yako?"

"Anasemesha ukuta," alisema Alphonsine, kwa ukavu. Alikuwa amekunja mikono kifuani. Hakumtazama Cyrille, na hakuonekana kama mtu atakayerudia tena hadithi yake ya mkwe wa heshima.

Hélène alisimama kwenye mlango wa chumba, mkono kwenye tumbo lililolegea. Alimtazama mumewe muda wa kutosha. Kisha akaufunga mlango, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jibu lilipotoka bafuni halikuwa msamaha wala laana.

"Mutoto iko na baridi," alisema Mama Émérence. "Maji iko wapi?"

Hakuna aliyekwenda kuyaleta. Alphonsine angeweza, jiko lake lilikuwa karibu. Alibaki na mikono yake kifuani. Basi Cyrille akatoka uani, akawasha mbabula, akapuliza mpaka moshi ukamtoa machozi na akashukuru kwamba ni moshi. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa. Akabeba beseni la bati kwa mkono mmoja, ndoo ya maji baridi kwa mwingine, akarudi kuchukua sufuria, akaviweka vyote sakafuni mbele ya pazia. Akachanganya. Akageuza uso upande, kama inavyotakiwa.

Lakini aliona. Pazia lilisogea, na mkono wa kulia wa mama mkwe ukatoka chini yake. Alikuwa hajawahi kuuona kwa karibu. Ngozi yake ilikuwa inang'aa kama karatasi iliyoloweshwa ikakauka, na vile vidole vitatu vilikaa vimekunjana kama vya mtu aliyeshika kitu ambacho hakipo. Mkono uliingia ndani ya maji kwa mazoea ya miaka yote ya kuogesha watoto. Ukakaa humo. Ukakaa zaidi. Cyrille alingoja aambiwe, na akaelewa taratibu kwamba mkono ule haukuwa na habari za kutoa. Ulikuwa hausikii tena moto wala baridi.

Ukatoka. Pazia likasogea tena, safari hii kikaja kiwiko cha kushoto, kikagusa maji, kikaruka.

"Moto," alisema Mama Émérence.

Cyrille akachota kutoka kwenye ndoo, akamimina.

"Tena."

Akamimina.

"Tena kidogo. Usitikise beseni."

Akamimina kidogo, akishika ukingo wa beseni kwa vidole, na kungoja.